Shule ya Katikati

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Mwalimu alinipigia simu kuuliza kama bado naandika. Nikamwambia naandika. Akauliza kama inalipa. Nikacheka. "Basi njoo uniandikie na mimi kitu kisicholipa," akasema. "Wewe si umezoea?"

Mwalimu alistaafu kazi ya serikali na sasa ana shule ndogo ya kibinafsi hapa Voi, upande wa mji ambako vumbi jekundu huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Jina la shule sitalitaja kwa sababu aliniomba nisilitaje. Anaogopa watakuja wazazi wengi kuliko viti. Ni sekondari msingi, ile wanafunzi wenyewe wanaiita junia: Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, basi. Haina chekechea wala kidato. Wanafunzi ni 43, walimu watano, madarasa matatu ya mabati, na mwarobaini mmoja ambao ndio ukumbi, ndio kantini, na ndio ofisi ya Mwalimu jua likikaza.

Mwaka huo shule ilikuwa na watahiniwa wake wa kwanza wa Gredi ya 9. Kabla ya mtihani kungekuwa na siku ya maombi, na kwenye karatasi ya ratiba alitaka nusu ukurasa wenye kichwa "Historia Fupi ya Shule Yetu". Nusu ukurasa tu. Nikasema sawa, hiyo ni kazi ya saa moja.

Lazima nieleze kitu hapa. Mwalimu alinifundisha shule ya msingi, darasa la sita hadi la nane. Matokeo yangu ya KCPE yalipotoka mwaka 2013, yeye ndiye aliyesimama kanisani akayasoma kwa sauti, na mama akalia mbele za watu. Kisha nikaenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, na mwaka wa tatu nikatoka. Sikufukuzwa. Pesa ziliisha, na mimi nikaisha nazo. Nikarudi Voi nikaanza kuandika vitu vya watu mtandaoni kwa malipo ya kubahatisha, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa namkwepa Mwalimu. Nikimwona sokoni upande wa nyanya, mimi naingia upande wa samaki. Kwa hivyo simu ile haikuwa simu ya kawaida. Nilienda.

Nikaandika: shule ilianzishwa Januari 2023 kwa wanafunzi tisa, ikaongeza darasa la pili mwaka 2024 na la tatu mwaka 2025. Nikaweka kaulimbiu, nikaweka shukrani kwa wazazi. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Hii ni risiti," akasema. "Nimekuomba historia. Nenda kamuulize babu yako darasa la tano alisomea wapi."

"Mwalimu, babu hakusoma darasa la tano."

"Ndiyo maana nakutuma kwake."

*

Babu anaishi Sagalla. Ukisimama Voi mjini ukatazama kusini unauona mlima wote, umekaa peke yake kama mtu aliyegombana na vilima vingine vya Taita akahama. Nilipanda na bodaboda, tukapita mashamba yenye uzio wa mizinga ya nyuki. Ndovu wa Tsavo anaogopa nyuki, kwa hivyo watu wa chini ya Sagalla hutundika mizinga kwenye waya kuzunguka mahindi yao. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza. Mimi nimekua nikijua kwamba saa ya kutoka shule hapa kwetu huamuliwa na kengele pamoja na ndovu. Mwalimu huwaachilia wanafunzi mapema kwa sababu wengine hupita njia ambayo jioni si yao.

Sagalla ndiko shule ilikoanzia kwa upande wetu huu. Mwaka 1883 mmishonari wa CMS, Joseph Alfred Wray, alipanda mlima huo akaanza kuhubiri na kufundisha herufi. Wakatoliki wakaja Bura mwaka 1892. Wray hakupokelewa kwa nderemo. Njaa kubwa ilipoingia miaka hiyo ya 1880, wapo waliomtilia shaka mgeni huyo kuhusu mvua, na kwa muda akalazimika kuteremka Pwani. Lakini alirudi, akajifunza lugha, akaandika kitabu cha sarufi yake mwaka 1894. Fikiria hapo: kuna sarufi iliyochapishwa ya lugha ya Sagalla iliyo kongwe kuliko reli. Reli ya kutoka Mombasa ilipita Voi miaka michache baadaye, na mji wetu ukaanza kuota kando yake.

Babu alikuwa amekaa nje anaambua maharagwe. Tukasalimiana, nikapewa kimanga na chai, na baada ya kula nikamuuliza swali la Mwalimu. Hakunijibu upesi. Akamaliza ganda alilokuwa nalo mkononi.

"Darasa la tano lilikuwa ng'ambo," akasema. "Dawida. Kwenye bweni. Mimi nilikata tikiti ya mkonge."

Hapo ndipo historia fupi ya shule yetu ilipoanza kurefuka.

*

Wengi wetu tunadhani shule ya katikati ni kitu kipya, kimeletwa na mtaala wa umilisi, yaani CBC. Si kipya. Kenya imewahi kuwa nayo, na wazee wanaikumbuka kwa jina lake: intamidieti.

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, mtu wa kanisa la Anglikana, ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Mwafrika. Serikali ya kikoloni ikaikubali, na miaka ya 1950 ikaanza kupanga shule hivi: miaka minne ya msingi, miaka minne ya kati, miaka minne ya sekondari. Ukiandika ubaoni inapendeza, nne-nne-nne, kama ngazi. Lakini ngazi hiyo kila kidato chake kilikuwa na msumeno. Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani wa kuchuja nani aende intamidieti. Mwisho wa darasa la nane kulikuwa na mwingine, KAPE, wa kuchuja nani aende sekondari. Shule za msingi zilikuwa kwa maelfu, za kati kwa mamia, na sekondari za Waafrika nchi nzima ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya watu wawili. Wazazi waliona hesabu hiyo, ndiyo sababu ripoti ile ilichukiwa sana. Watu walielewa kwamba mfumo ulihitaji wengi waanguke ndipo ufanye kazi.

Babu alifanya mtihani wa darasa la nne mwaka 1953. Alikuwa mkubwa kidogo kwa darasa, kama miaka kumi na mitatu, kwa sababu alikuwa ameanza shule baada ya kumaliza zamu yake ya kuchunga mbuzi. Anakumbuka walikaa mbalimbali wasichunguliane. Anakumbuka swali moja la hesabu lililohusu magunia. Siku majina yalipoletwa, mwalimu alisoma machache kisha akaikunja karatasi.

"Hakusema wengine tumeanguka," babu akaniambia. "Alisoma waliopita tu. Sisi tulijijua kwa kunyamaza kwake."

Baada ya hapo akateremka kukata mkonge, kama vijana wengi wa Taita, kabla ya kwenda Mombasa kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Mkonge ulihesabiwa kwa mafungu, na mwenye kadi yake alipigiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Ndiyo tikiti aliyoisema. "Hata kule nilikuwa najaza madaftari," akasema, akacheka peke yake.

Niliporudi Voi usiku huo nilifanya hesabu rahisi. Miaka 60 baada ya karatasi ile kukunjwa, matokeo yangu yalisomwa kanisani. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kuhusu yale majina ambayo hayakusomwa.

*

Mwalimu alipenda habari ya babu, lakini akaniambia bado sijafika. Shule yake, alisema, ni ya kujitegemea, na neno hilo lina wenyewe.

Ni kweli lina wenyewe. Mwaka 1929 Wakikuyu wengi walikorofishana na wamishonari juu ya tohara ya wasichana. Waliojitenga walitoa watoto wao kwenye shule za misheni na kuanza shule zao wenyewe, wakaunda vyama vya kuziendesha. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu pale Githunguri, kikiongozwa na Mbiyu Koinange, ambaye alikuwa amerejea kutoka Marekani na shahada mkononi. Wazee kwa marika yao walichanga ili kijengwe. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ikazifunga shule hizo, na Githunguri, mahali palipotoa walimu, pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu.

Sisi Taita hatukuwa na Githunguri. Tulikuwa na ugomvi wetu, nao ulikuwa wa ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wa vilimani waliunda Taita Hills Association kupinga kunyang'anywa mashamba na kupewa walowezi, wakishirikiana na KCA, chama cha Wakikuyu. Mwaka 1940, vita ya pili ya dunia ikiwa imeshaanza, serikali ilipiga marufuku vyama vitatu kwa pamoja: KCA, Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Viongozi wakakamatwa, akiwemo Woresha Mengo wa kwetu.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini ananipeleka mbali hivyo kwa ajili ya nusu ukurasa wa ratiba. Akanionyesha choo cha shule.

Choo kile kilijengwa na mzazi. Ni fundi mwashi, ana binti Gredi ya 8, na muhula mmoja alikosa karo. Badala ya kumtoa binti, alikuja Jumamosi nne mfululizo na mwiko wake. Mwingine ana punda wa kubeba maji. Huleta madumu kila asubuhi, na yanaandikwa kwenye daftari kama pesa. Maji hapa ni pesa kweli. Bomba la Mzima linachukua maji ya chemchemi ndani ya Tsavo na kuyapeleka Mombasa, sisi tunayasikia yakipita. Mama mmoja hupika githeri ya mchana. Bodaboda mmoja hubeba watoto watatu wa mbali na kulipwa mwisho wa mwezi, mwezi ukiwa na mwisho.

"Nani ameijenga hii shule?" Mwalimu akaniuliza. "Ukiandika ni mimi, umedanganya."

*

Baada ya uhuru intamidieti ilikufa. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilileta miaka saba ya msingi, na sekondari ikawa minne. Mtoto hakuchujwa tena darasa la nne, akachujwa darasa la saba kwa CPE. Msumeno ulisogezwa mbele, haukutupwa.

Tofauti ni kwamba sasa watu walikuwa na neno la kujibia. Kenyatta alikuwa ameita harambee, na vijiji vikaichukua kwa maana yake halisi: kama serikali haina sekondari ya mtoto wangu, nitabeba mawe. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, sekondari za harambee nchini zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi. Nyingi zilikuwa na madarasa mawili, Fomu ya Kwanza na ya Pili, kwa sababu mawe yaliishia hapo. Mwisho wa Fomu ya Pili kulikuwa na mtihani wa taifa, KJSE. Aliyepita vizuri alitafuta shule ya kumpokea Fomu ya Tatu. Asiyepata alikuwa angalau na cheti.

Mama mkubwa wangu alisoma shule kama hiyo, vilimani, akafanya KJSE mwaka 1976. Nilimpigia simu Mombasa. Alikumbuka kubeba mchanga kutoka mtoni kila Ijumaa, ndoo moja kwa kila mwanafunzi, na asiye na ndoo ya mchanga haruhusiwi kuingia somo la kwanza. Alikumbuka mwalimu mmoja aliyefundisha masomo manne, naye alikuwa kijana aliyemaliza Fomu ya Nne mwaka uliotangulia. Alikumbuka mikutano ya wazazi ambapo mbuzi alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena. "Yule mbuzi alijenga maabara," akasema.

Yeye aliishia Fomu ya Pili. Cheti chake kilimpatia kazi ya ukarani, na kazi hiyo ndiyo iliyomlipia mdogo wake, yaani mama yangu.

Mama naye akaingia kwenye mabadiliko mengine. Alikuwa miongoni mwa watahiniwa wa kwanza kabisa wa KCPE, mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoingia. Darasa la saba lililokuwa lifunge safari likaambiwa kuna darasa la nane. Darasa lenyewe halikuwepo. Wazazi wakajenga, tena na karakana juu, kwa sababu mfumo ulitaka useremala, kilimo na sayansi kimu. Mama anakumbuka wakijifunza kushona chini ya mti kwa sindano moja ya watu sita.

Sasa weka mambo haya mezani kwa pamoja. Mwezi wa kumi 2025 zaidi ya watoto milioni moja wa Gredi ya 9 walikuwa waanze mtihani wa taifa unaoitwa KJSEA. Mama mkubwa alifanya KJSE. Karibu miaka 50 imepita, na jina limeongezewa herufi moja. Mwaka 1985 madarasa ya nane yalijengwa kwa haraka na wazazi. Mwaka 2024 nchi nzima ilikuwa mbioni kujenga maelfu ya madarasa ya Gredi ya 9. Mwaka 2025 sekondari hazikupokea Fomu ya Kwanza, kwa sababu KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 na watoto wa CBC walikuwa bado hawajamaliza junia. Nilipomwambia mama hilo akasema tu, "Hata sisi tulingojwa."

*

Junia yenyewe ilizaliwa kwa kukurupushana, si siri. Watoto wa Gredi ya 6 walifanya mtihani wao Novemba 2022 bila kujua wanaenda wapi. Mpango wa awali ulikuwa wakae kwenye sekondari. Desemba ikaamuliwa wabaki kwenye shule za msingi. Mwisho wa Januari 2023 wakaripoti Gredi ya 7, wengi wao darasa lilelile, dawati lilelile, sare tofauti. Walimu wengi waliopelekwa kuwafundisha walikuwa wa mafunzo ya kazi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na Mei 2024 wakagoma.

Mwalimu alianza katikati ya kishindo hicho. Aliona watoto wa miaka kumi na miwili wanazungushwa, na alikuwa na kiwanja na pensheni. Mwanawe alimwambia ni wazimu. Yeye akasema wazimu ni kukaa nyumbani kuangalia runinga.

Nilikaa shuleni kwake wiki mbili, kwanza kwa utafiti, kisha kwa sababu mwalimu wa Kiswahili aliugua na kulikuwa na pengo. Masomo ni tisa. Mwanzoni yalikuwa 14, yakapunguzwa. Maabara ya Sayansi Jumuishi ni sanduku la mbao lenye kufuli. Ndani mna birika za kioo tano, taa ya spiriti, sumaku na kinyonga aliyekaushwa ambaye hakuna anayejua alitoka wapi. Somo la kilimo linafanyiwa kwenye magunia ya sukumawiki yanayomwagiliwa maji ya kunawia mikono. Kazi za mradi huchapishwa kwa msee wa saiba, shilingi kumi ukurasa, na Mwalimu huzikusanya zote kwenye simu moja ili mzazi mwenye watoto wawili asilipe mara mbili.

Wanafunzi wanajua vizuri jinsi wanavyopimwa. Mvulana mmoja wa Gredi ya 9 alinichorea mchangani kwa kijiti: asilimia 20 kutoka mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi za Gredi ya 7 na ya 8, asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe. Kisha njia tatu za kwenda: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Nikamuuliza yeye anataka njia gani. Akasema sayansi, anataka kuwa mhandisi wa mabomba.

"Kwa nini mabomba?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Si umeona punda, bana."

Si kila kitu ni kizuri, na siandiki tangazo. Walimu wawili hawajalipwa kwa wakati. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 aliacha kuja wiki ya pili ya kukaa kwangu na nilisikia sababu tatu tofauti. Kuna mzazi anayemtaka mwanawe afanye sayansi hata kama mtoto anaimba usiku na mchana. Na hakuna aliyeweza kunihakikishia kwamba sekondari itakayompokea yule wa mabomba itakuwa na maabara kubwa kuliko sanduku.

*

Siku ya mwisho ya kuandika, Mwalimu aliniletea kaunta buku. La zamani, jalada limeshonwa kwa uzi. Alilianza mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, 1982. Nilidhani ni kumbukumbu ya alama.

Ni kitabu cha walioacha. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake akatoka shule kabla ya wakati, popote alipofikia, ameandikwa humo: jina, mwaka, darasa, sababu, na safu ya mwisho, "yuko wapi". Safu hiyo imeandikwa kwa penseli ili iweze kufutwa. Wengi wamefutwa na kuandikwa upya mara kadhaa. Mkonge. Ameolewa Taveta. Turnboi. Migodi ya Kasighau. Amerudi, jioni. Seremala, ana duka. Marehemu. Marehemu. Nesi.

Niliuliza kwa nini anafanya hivi.

"Serikali ina orodha ya waliopita," akasema. "Mimi si serikali."

Nikafunua mbele, na nilijua nitakachokikuta kabla sijakikuta. Jina langu, ukurasa wa karibu na mwisho. 2021. Chuo kikuu, mwaka wa tatu. Pesa. Kwenye safu ya penseli palikuwa na alama za kufutwa. Ungeweza kusoma chini yake, kwa mbali, "ananikwepa". Juu yake: "Voi. Anaandika."

Ile miaka miwili nilipokuwa najificha kwenye samaki, alikuwa anajua niko kwenye samaki.

Nusu ukurasa wangu uliishia kuwa ukurasa mzima na robo, na saiba walilalamika. Niliandika shule ilianzishwa mwaka 2023, kisha nikaandika ilianzia wapi kabla ya hapo: darasa la Sagalla lililokunjiwa karatasi mwaka 1953, ndoo za mchanga, mbuzi aliyenadiwa mara mbili, sindano moja ya watu sita, mwiko wa Jumamosi nne. Niliandika kwamba kila kizazi nchi imebadilisha jina la shule ya katikati na mahali pa kuchuja watoto, na kila kizazi kuna watu waliobeba mawe ili wachache zaidi wachujwe. Sikuandika kwamba mambo yatakuwa mema. Sijui, na wale watoto wana miaka kumi na mitano, wangenishtukia.

Siku ya maombi pasta aliomba, shehe akaomba, mama wa githeri akapika pilau. Nilimleta babu. Alivaa koti. Yule wa mabomba alimchorea mchangani zile asilimia, na babu akafuata kwa makini, akauliza, "Kwa hivyo hata ukikosea siku ya mwisho, kuna akiba?" Akaambiwa ndiyo, kuna akiba kidogo. Akatikisa kichwa polepole. "Chawucha," akamwambia kijana.

Baadaye, watu wakiwa wamesimama foleni ya chakula, Mwalimu alikaa naye chini ya mwarobaini na kaunta buku mapajani. Babu hakuwahi kuwa mwanafunzi wake. Mwalimu hakuwa amezaliwa. Lakini alifungua ukurasa mpya, akaandika jina lake kwa kalamu ya wino. Mwaka: 1953. Darasa: la nne. Sababu: hapo akasita, akaacha wazi. Kisha akachukua penseli.

"Na sasa yuko wapi?" akauliza, kama anavyouliza wote.

"Andika niko hapa," babu akasema. "Nangoja pilau."

Akaandika hivyo.